Sufi ya Athumani

Kunguni hapigi hodi. Angepiga, Mwanamisi angemrudisha mlangoni kama alivyowarudisha kuku, mbuzi na watu wenye tope miguuni. Kwemshitu nzima, kule juu ya Mponde, hapakuwa na mwanamke aliyesifiwa kwa usafi kama yeye, na wapo waliosema usafi wake umepitiliza, maana hata jirani aliyekuja kuomba kaa la moto alitazamwa nyayo kwanza. Basi mtu na aupime mwenyewe uchungu alioupata asubuhi ile alipokunjua shuka akakuta vidoa vya damu vimejipanga mahali alipokuwa amelaza ubavu.

Walikuja na matanga, hilo halina ubishi. Mumewe, Mzee Athumani, alifariki masika yakielekea ukingoni, na watu wakapanda kuja kulia kutoka Bumbuli, kutoka Mlalo, hata kutoka Korogwe kule bondeni, kila mmoja na mkeka wake na blanketi lake kwapani. Walilala nyumba nzima, waliozidi wakalala kwenye godoro la marehemu, wanawake watatu kwa mpigo. Matanga yakavunjwa, watu wakarudi makwao, kunguni wakabaki. Sasa umuulize nani? Utamfuata mtu aliyekesha akimlilia mumeo ukamwambie blanketi lake lina wadudu? Mwanamisi alilimeza jambo lile kavukavu.

Na kama wangejichimbia kwingine kokote, ukutani au kwenye mikeka, ingekuwa nafuu. Walichagua godoro.

Godoro lenyewe lilikuwa na habari yake. Wakati Mwanamisi anaolewa, watu wa mlimani walilalia majani makavu ya migomba yaliyoshindiliwa kwenye gunia, ukijigeuza unasikika mpaka kwa jirani. Athumani alikuwa kijana mwenye maneno mengi, akaapa mbele ya wakwe kwamba binti yao hatalalia majani. Aliteremka Mombo kwa miguu, akaomba ruhusa ya kuokota sufi chini ya misufi ya watu, akaichambua mbegu mojamoja, kisha akaupandisha mzigo mlima mzima mgongoni. Mvua ilipomkuta njiani alivua kanzu akaufunika, akaingia Kwemshitu kifua wazi, anatetemeka na anacheka. Juu ya sufi ile Mwanamisi alizaa watoto wanne, akazika watatu, akabaki na Shabani. Juu ya sufi ileile Athumani alikohoa mwaka mzima, na hapohapo akakata roho, mkewe amemshika mkono.

Kwa desturi, matandiko aliyofia mtu ni haki ya mwoshaji. Mzee Selemani, aliyemwosha marehemu, alikusanya shuka na kanzu, kisha akainama kulikunja godoro. Mwanamisi akaweka mguu juu yake.

"Godoro niachie," alisema. "Chukua mbuzi yule pale nje."

"Mbuzi simtaki, dada yangu," alijibu Selemani. "Na godoro si kwamba nina shida nalo, kwangu lipo. Vya maiti hutoka na maiti ndipo nyumba ipate kupumua. Nalisema kwa ajili yako wewe."

"Basi kwa ajili yangu niachie."

Mzee akamwachia, akaenda zake bila hata kudai kuku. Laiti lingetoka siku ile, wageni wa matanga wangelala chini wote na mambo yangekuwa mengine. Lakini nani anamwambia mjane wa siku moja akatupe mahali ambapo joto la mumewe bado lipo?

Alipigana nao kwa kila alichokijua. Alichemsha maji, akayamwaga kwenye miguu ya kitanda na kwenye kamba mpaka kamba zikalegea. Alichovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya taa akapaka kila tundu, kisha akapaka mishono ya godoro, mshono kwa mshono. Alitaka kulianika juani, lakini ulikuwa msimu wa ukungu, na ukungu wa Usambara ukishakaa hauna haraka. Godoro lilitoka nje kavu likarudi ndani na unyevu. Bwana shamba alimgawia dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi, akainyunyiza yote. Kunguni walitoka wakiyumbayumba, wengi wakafa, akafagia, akashukuru Mungu. Haukupita muda mrefu akaviona tena vidoa kwenye shuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaanza kujikuna mikono, na alikuwa hajui kama kweli anawashwa au amezoea tu kujikuna.

Hayo yote angeyavumilia, kama isingekuwa habari ya kuhama.

Ilikuwa miaka ile ya Operesheni, serikali imetangaza watu wateremke kutoka vilimani walikotawanyika wakakae pamoja kwenye vijiji vya ujamaa. Watu wa Kwemshitu walipangiwa chini, kando ya barabara ya chai, nyumba zimepimwa kwa kamba zikasimama mistari. Mvua za vuli zikianza, kila mtu awe ameshuka. Nyumba za juu zingebomolewa, miti yake ikajenge ghala la kijiji. Kuna waliolia machozi. Mwanamisi hakulia, kwa sababu Shabani alikuwa ameshahamia huko chini na mkewe Tatu, na kwa Tatu kulikuwa na mtoto.

Mtoto alizaliwa baada ya msiba akapewa jina la babu yake, Athumani. Bibi yake alimwita mume wangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, ila yeye alilitamka taratibu kuliko wenzake. "Huyu afadhali kuliko yule," alikuwa akimtania Tatu. "Hana meno, lakini angalau hakoromi." Akimpakata alinusa utosi wake, akafumba macho, na Tatu alijifanya hakuona. Kukaa nyumba moja na mtoto yule ndiyo haja pekee iliyokuwa imembakia Mwanamisi duniani. Nyingine zote zilikuwa chini ya udongo.

Siku moja mchana Tatu alipanda na mtoto mgongoni kuja kupanga habari za kuhama. Alipiga magoti akaamkia, shikamoo mama, akapewa kigoda, akaanza kufungua mbeleko ili mtoto alazwe kitandani.

"Usimlaze hapo," alisema Mwanamisi. "Nipe mimi."

Tatu aliinua macho kumtazama mkwewe, na macho hayo yakaishia ukutani, juu ya kitanda. Palikuwa na mmoja, mnene, anatembea polepole mchana kweupe bila wasiwasi. Tatu aliifunga tena mbeleko. Akainuka akaenda kusimama uani.

Mwanamisi alimfuata, aibu imemkaba. Alitegemea kusikia maneno makali. Aliyoyasikia yalimuumiza zaidi, kwa sababu yalisemwa kwa adabu.

"Mama, mimi nimekulia kambi ya wachuma chai," alisema Tatu. "Nyumba zimeshikana migongo, ukiua wa kwako wanahamia wa jirani. Siku moja shuleni mmoja alitoka kwenye kola yangu, darasa zima likamwona. Kuanzia hapo jina langu likawa Kunguni. Watu wazima wakaniita hivyo, mpaka naolewa. Shabani hajui, naomba usimwambie." Alipapasa mgongo wa mtoto. "Chumba chako kipo, mama. Nimekisiriba mwenyewe kwa mikono yangu. Njoo ukae nasi, mtoto amzoee bibi yake. Ila chochote cha kulalia cha nyumba hii kisishuke. Hata uzi."

"Hata godoro la baba yenu?"

"Hasa hilo, mama. Nisamehe."

Mwanamisi hakuweza kumchukia, ndiyo taabu yenyewe. Mkwe mkorofi angekuwa rahisi. Mtu humsema kisimani, roho ikatulia. Huyu alimwambia kweli na mtoto mgongoni.

Basi akaazimia kulisafisha godoro mpaka Tatu mwenyewe alikague akose neno. Alilipiga kwa fimbo. Alilipaka tena mafuta ya taa, akanyunyiza tena unga. Mwisho akakumbuka siafu.

Mtu wa bondeni atashangaa, lakini wa milimani anajua. Mvua za vuli zikianza, siafu hutoka msituni kwa maelfu, wakipita kwenye nyumba wenyewe hutoka mbio na watoto na kuku, kisha hukaa kando wakingoja. Wakishapita, ndani hakubaki mende, panya, kiroboto wala kunguni. Hakuna fagio linaloweza kufanya vile. Mwanamisi aliwangoja siafu kuliko wakulima walivyoingoja mvua. Kila asubuhi alizunguka nyumba akitazama ardhi, na huko chini watu wa kamati walikuwa wameshaanza kuuliza kwa nini mama Shabani hajashuka.

Jirani yake Efrazia, mwanamke wa Kilutheri waliyelima naye mpaka mmoja tangu usichana, naye bado hajashuka, ndiye aliyeleta habari.

"Onga makeo, mame," alimwamkia kwa Kishambaa kutoka njiani. "Siafu wako shambani kwangu. Wamenipitia nyumba nzima, mpaka panya wa darini wameisha. Njoo na hilo godoro lako kabla hawajavuka mto."

Walilibeba wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, mvua ya manyunyu ikiwapiga. Msafara wa siafu ulikuwa ukikatiza maharage, mpana kiasi cha kiganja, mweusi, unameremeta. Walilishusha godoro katikati ya njia yao wakaruka pembeni wakikung'uta miguu. Mwanamisi alichuchumaa kwenye nyasi zenye maji, kanga mdomoni, akatazama.

Siafu wa mbele walifika kwenye godoro wakasimama. Walipapasa. Kisha wakagawanyika, kundi moja likaenda kulia na jingine kushoto, wakalizunguka godoro lote bila hata mmoja kupanda, wakakutana upande wa pili wakaendelea na safari yao.

"Hawajaliona," alisema Mwanamisi.

Efrazia alivuta pumzi. "Mwanamisi, umelipaka nini?"

"Mafuta ya taa. Na ile dawa ya unga. Lakini nimelipaka siku nyingi, harufu imeshakwisha."

"Nayasikia mimi mpaka hapa nilipo."

Hapo ndipo lilipomwingia. Tangu ameolewa, kila vuli, yeye mwenyewe alikuwa akimwaga mafuta ya taa kizingitini kuwageuza siafu wasiingie jikoni. Mtoto wa Kwemshitu aliyeanza kutembea analijua hilo. Pua yake ilikuwa imelala na mafuta yale kwa miezi mpaka ikaacha kuyasikia, na kichwa nacho kikasahau. Alichukua kijiti akaanza kuwasukuma siafu walipande godoro. Walipanda mkono wake badala yake, wakamuuma mpaka kwenye kiwiko, na yeye akaendelea kusukuma. Efrazia alimshika mabega akamvuta nyuma, akamtoa siafu mmojammoja, na wakati wote huo Mwanamisi alikuwa analia bila sauti, kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

"Lichome," alisema Efrazia. "Ushuke kwa mwanao. Mjukuu ni mkubwa kuliko sufi."

Walilichomea palepale shambani mvua ilipokatika. Lakini kabla ya kuwasha, Mwanamisi aliomba kisu. Alipasua kitambaa cha mistari katikati, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kule ndani kabisa, akatoa sufi. Ilikuwa nyeupe bado. Baada ya miaka yote ile ilikuwa nyepesi na kavu kama siku Athumani alipoitua mgongoni.

"Kunguni hukaa kwenye mishono," alimwambia rafiki yake. "Huku ndani mafuta hayakufika, dawa haikufika, na wao hawakufika. Nitamshonea mtoto mto, basi. Kichwa chake tu."

Efrazia hakupenda, ilionekana usoni. Hata hivyo walikaa pamoja kwenye jiwe wakaichambua tonge kwa tonge, wakaipepea, wakaikagua kwenye mwanga. Efrazia alisema haoni kitu. Mwanamisi naye, ambaye macho yake yaliharibiwa na moshi wa jikoni zamani, alisema haoni kitu. Mayai ya kunguni ni madogo kuliko chembe ya chumvi, nayo ni meupe, na sufi ni nyeupe. Wangeona nini wale?

Godoro liliungua polepole kwa moshi mzito unaonuka, na Mwanamisi alisimama upande unakokwenda moshi mpaka likaisha.

Alishuka kijijini mikono mitupu. Aliacha kitanda, mikeka na mablanketi, akavua hata kanga alizovaa, akavaa jozi mpya aliyoletewa na Shabani. Tatu alimpokea njiani, akamwogesha maji ya moto, akamsuka nywele, akamwonyesha chumba kilichosiribwa kwa udongo mwekundu hadi kikang'aa. Kitu pekee alichobeba Mwanamisi kilikuwa kimfuko kidogo cha kanga mpya, ndani yake mna mto usiozidi mkate.

"Nimemshonea mume wangu," alisema.

Tatu aliupokea, akaubonyeza, akaunusa. Ulinuka sabuni. "Sufi umepata wapi, mama?"

"Ya Mombo," alijibu Mwanamisi, na hakusema uongo.

Alipata raha yake, asije mtu akasema hakuipata kabisa. Asubuhi alimpokea mtoto wakati Tatu anakwenda shamba la kijiji. Alimwimbia nyimbo za Kishambaa alizomwimbia Shabani, alimlisha uji, alimlaza na kukaa karibu akitazama shavu lile dogo limezama kwenye mto. Athumani mdogo alilalia sufi ya Athumani mkubwa. Mwanamisi hakumwambia mtu, ila moyoni alihisi ameokoa kitu, kwamba mzigo ule wa kijana wa kifua wazi ulikuwa haujatuliwa bado.

Kisha mtoto akaanza kulia usingizini. Zilitoka alama nyekundu shingoni na nyuma ya sikio, tatutatu, zimejipanga. Kabla Tatu hajasema lolote Mwanamisi alikuwa ameshajua. Alikwenda chumbani akaubonyeza mto, akaurudisha mahali pake, akatoka akaketi nje. Angeweza kusema wakati ule. Alijiambia atasema kesho, na kesho akajiambia labda ni upele wa joto, katika baridi ile ya mlimani.

Tatu hakumshuku mkwewe hata kidogo. Alijishuku mwenyewe. Aligeuza kitanda, akawakuta wawili kwenye godoro lao, lile la harusi yao, la dukani, lenye maua. Mwanamke yule alikaa chini sakafuni akashika kichwa. "Wamenifuata," alisema. "Nilijua watanifuata." Kuanzia hapo alichemsha maji kutwa. Alimwosha mtoto mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alikataa kwenda shambani na wenzake kwa kuogopa kola yake. Akina mama wa kamati ya usafi walipopita kukagua vyoo na vichanja, waliona matandiko yote ya nyumba hiyo yako nje siku ya ukungu, wakatazamana, wakaaga haraka. Jioni yake hakuna jirani aliyekuja kuomba moto.

Shabani, mtu mpole asiyependa makelele, aliamua. Alilibeba godoro lake la maua mpaka nyuma ya nyumba, akalimwagia mafuta, na majirani wakasimama milangoni kutazama. Tatu hakwenda kutazama. Alimfuata Mwanamisi barazani, akapiga magoti, mtoto kifuani.

"Mama, naomba unisamehe," alisema. "Nilikukataza godoro la baba. Nilikuchomesha kitu chako, nikakutia aibu, kumbe wenye kunguni ni mimi. Wameingia hapa kwa ajili yangu."

Ingekuwa tusi, Mwanamisi angelibeba. Msamaha ule ulimvunja. Aliinuka akaingia ndani, akatoka na mto, akaupasua kwa meno mbele ya mkwewe. Mishono yake ya ndani ilikuwa ya kahawia, inatembea. Sufi ikamwagika barazani.

"Wangu," alisema. "Ni wangu mimi. Hii ni sufi ya godoro lile. Niliileta nikijua ulinikataza."

Tatu aliutazama mto, akamtazama yeye, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtoto wa shule anayeitwa jina mbele ya darasa. Akamkumbatia mtoto kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua, kisha nyingine. Nyuma ya nyumba kiberiti kilikuwa kimeshawashwa, na moshi ukaanza kuja upande wao.

Hakuna aliyemgombeza. Shabani alikuja akaambiwa, akasema, "Ungesema tu, mama," akaenda kutafuta jembe afukie majivu. Nyumba ya Kwemshitu ilikuwa imebomolewa, miti yake iko kwenye ghala, kwa hiyo pa kurudi hapakuwepo. Mwanamisi mwenyewe alihamisha mkeka wake akaenda kukaa kwenye kibanda cha jikoni, ng'ambo ya uwanja. Shabani alimshonea gunia, akalijaza majani makavu ya migomba. Kila Ijumaa Mwanamisi mwenyewe aliyatoa, akayachoma, akafua gunia kwa maji yanayochemka, akaweka majani mapya. Alipojigeuza yalisikika mpaka nyumba kubwa. Hapakuwa na kitanda safi kuliko kile katika kijiji kizima, na hapakuwa na mtu aliyekikaribia.

Siku zilikwenda. Nyumba ya Shabani ilipona. Tatu alirudi shambani na wenzake, majirani wakarudi kuomba moto. Na Tatu hakuwa na moyo wa jiwe. Kila asubuhi aliamkia kutoka mlangoni mwa kibanda, akaweka uji. Siku moja, baada ya mvua za masika, aliingia kabisa ndani. Aliligeuza gunia, akakagua majani, akakagua kanga na nywele za mkwewe kwenye mwanga wa mlangoni, akachukua muda wake.

"Hakuna kitu, mama," alisema. "Yamekwisha. Rudi ndani. Mtoto anakuulizia, kila akiona moshi wa jiko anaonyesha kidole."

Mwanamisi alikuwa akijikuna mkono. Ulikuwa na makovu tangu kwenye kiwiko, mengine mabichi.

"Wewe huwaoni," alisema. "Mimi nawasikia. Wako hapa chini ya ngozi, wanatembea. Nikimshika watampata."

"Mama, nimekagua. Hawapo."

"Hata Efrazia alikagua," alijibu.

Tatu alitoka akaenda kuteka maji. Mlango wa nyumba kubwa aliuacha wazi. Mtoto alitoka kwa kutambaa, akashuka kizingiti tumbo kwanza, akakatiza uwanja wenye tope, anacheka peke yake, amelikazia macho jiko. Mwanamisi alimwona tangu alipotoka. Alikuwa amenenepa. Alikuwa na meno mawili, na paji la uso lilikuwa la babu yake, kabisa, hakuna kilichopungua. Mikono ya bibi iliinuka yenyewe.

Akaiona, ile mikono, na makovu yake. Aliishusha.

"Rudi, mume wangu," alisema. "Rudi kwa mama yako."

Mtoto alisikia sauti akaongeza mwendo. Alipofika karibu na kizingiti, Mwanamisi alisukuma mlango kwa mguu, ukafungwa, akakaa chini akauegemea kwa mgongo. Upande wa pili kiganja kidogo chenye tope kilianza kupiga ubao, kikapiga na kupiga. Mwanamisi aliziba mdomo kwa kanga, hakuitika.